Kabla hujabuki hoteli Mombasa, uliza kwanza ni mwezi ngapi

Miaka nenda miaka rudi malalamiko ya wageni ni yale yale mawili. La kwanza, "tumesafiri usiku kucha, tumefika bichi saa nne asubuhi, bahari hakuna, ni mchanga na mwani tu mpaka kule mbali." La pili, "tumeingia mjini kutafuta biriani mchana, mji kimya, mikahawa imefungwa." Na wengi wanaolalamika wamefanya kila kitu sawa, wamelinganisha bei za hoteli, wameangalia kama mvua itanyesha, tiketi ya treni wameikata mapema. Kitu kimoja tu hawakuangalia, na ndicho kinachoendesha mambo hapa kwetu kuanzia bahari mpaka msikiti: mwezi. Sio mwezi wa kalenda ya ukutani, ni ule wa mbinguni.

Sisi tuliokulia pwani hatulielezi jambo hili kwa sababu tunaona kila mtu analijua, na mgeni naye haulizi kwa sababu hajui kama kuna la kuuliza. Kwa hivyo ngoja nilieleze pole pole, manake ukishalielewa utajua siku gani ya kuogelea, siku gani ya kwenda kuona samaki, siku gani uzuru Mji wa Kale na saa ngapi utapata chakula cha maana.

Tuanze na bahari. Maji ya Mombasa hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kutoka kujaa mpaka kupwa ni kama masaa sita na kitu. Hicho kitu ndicho kinaleta mambo, kwa sababu mzunguko mzima hauishi ndani ya masaa 24, unachukua kama masaa 24 na dakika 50, kwa hivyo kila siku maji yanachelewa kidogo. Yakijaa leo saa kumi jioni, kesho inakaribia saa kumi na moja, keshokutwa inaelekea saa kumi na mbili, na baada ya wiki hivi mambo yamepinduka kabisa, saa ile ile uliyokuta maji yamefika kwenye minazi sasa unakuta mchanga mtupu. Ndio maana rafiki yako anaweza kukwambia "sisi tuliogelea asubuhi, bahari ilikuwa tamu ajabu," na wewe ukaenda hoteli hio hio, saa hio hio ya asubuhi, ukakuta kukavu. Hakukudanganya, mlikwenda siku tofauti za mwezi.

La pili ni nguvu ya maji. Mwezi ukiandama, na pia ukiwa mpevu, jua na mwezi vinavuta bahari kwa mstari mmoja, na siku moja mbili baadaye tunapata bamvua: maji yanajaa sana na yanapwa sana, tofauti ya juu na chini inapita mita 3. Mwezi ukiwa nusu, jua linavuta huku na mwezi unavuta kule, nguvu zinapunguzana, na hayo ndio maji mafu, yanapanda kidogo na kushuka kidogo. Sasa hapo ongeza mwamba. Ufuo wetu kuanzia Nyali, Bamburi na Shanzu, na ng'ambo ya kusini kuanzia Tiwi mpaka Diani, una mwamba wa matumbawe unaokwenda sambamba na pwani, mawimbi makubwa yanapasukia huko nje, na ndani baina ya mwamba na mchanga mnabaki maji matulivu ya kina kifupi. Hio ndio raha ya pwani yetu, watoto wanacheza bila kupigwa na wimbi, lakini kwa vile kina ni kifupi, siku ya bamvua maji yakitoka yanatoka kweli, mtu anatembea mamia ya mita kuelekea mwamba na maji yako magotini.

Na hapa ndipo penye faida kwa mgeni, kwa sababu saa za bamvua hazihamihami. Mombasa siku za bamvua maji hukauka kama saa nne, saa tano asubuhi, na hujaa kama saa kumi, saa kumi na moja jioni. Siku za maji mafu ni kinyume, yanajaa kama saa nne, saa tano asubuhi na kupwa jioni, ila hayapwi sana. Iko hivyo mwezi baada ya mwezi, mwaka mzima. Na kwa vile mwezi wa Kiislamu unaanza mwezi ukiandama, tarehe ya Kiislamu peke yake inakupa hali ya bahari. Mwezi mosi, pili, tatu, yaani siku ya kwanza, ya pili na ya tatu tangu mwezi kuandama, hio ni bamvua. Mwezi saba mpaka tisa, maji mafu. Mwezi kumi na tano mpaka kumi na saba bamvua tena, halafu mwezi ishirini na mbili hivi yanakufa tena. Wavuvi wetu wanahesabu hivyo hivyo, na wanahesabu kwa kichwa.

Nimeona pale Pirates, ule ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta kule Bamburi, familia imeshuka kutoka bara, watoto washavaa nguo za kuogelea, taulo shingoni, wamesimama wanatazama mchanga. Mashua zimelala ubavu kwenye tope na mwani. Baba mtu akamfuata mzee mmoja aliyekaa kivulini anashona wavu. "Shikamoo mzee. Hii bahari imekauka ama?" Mzee hata kichwa hakuinua, sindano yake ilikuwa inaendelea kwenye tundu la wavu. "Marahaba mwanangu. Leo mwezi pili. Walisheni watoto kisha mrudi baada ya alasiri." Hakuangalia simu, hakuangalia kitabu. Na kweli ilipofika saa tisa u nusu zile mashua zilikuwa zimesimama wima, zinacheza juu ya maji, na watoto wa ile familia hawakutoka mpaka magharibi.

Hebu tuchukue mfano wa mbele ili uone inavyofanya kazi. Desemba 2026 mwezi unakuwa mpevu tarehe 24. Maana yake Krismasi ya mwaka huo ni bamvua kabisa, asubuhi mpaka kama saa tano kutakuwa kukavu na maji yatajaa vizuri kuanzia saa tisa alasiri, kilele chake kama saa kumi na moja. Aliyepanga kuwashusha watoto asubuhi baada ya chai atapata mchanga, aliyepanga asubuhi Fort Jesus na jioni bichi atafurahi. Lakini wiki moja baadaye, siku ya mwaka mpya, mwezi ushakuwa nusu, ni maji mafu, na hapo asubuhi kama saa nne u nusu ndio maji yamejaa. Hoteli ni ile ile, familia ni ile ile, ratiba imegeuka juu chini.

Pasaka nayo watu hawajui kama pia inafuata mwezi. Inahesabiwa Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu wa majira yale ya Machi na Aprili, kwa hivyo siku zote inaangukia ndani ya wiki moja baada ya mwezi mpevu. Mwaka ambao Jumapili ya Pasaka iko karibu na mwezi mpevu utakuta bamvua, mwaka ambao iko mbali, kama 2027 ambapo mwezi mpevu ni Machi 22 na Pasaka ni Machi 28, maji yatakuwa yashaanza kufa.

Na Idd-ul-Fitr ndio tamu zaidi, kwa sababu Idd ni mwezi mosi Shawwal, daima. Yaani Idd ni bamvua kila mwaka bila kukosa. Asubuhi watu wanaswali, wanakwenda kwa wazee, wanakula, na bahari nayo iko nje huko imekauka, halafu ikifika alasiri watoto washavaa nguo mpya na wanataka kutoka, maji yanajaa. Ukienda bustani ya Mama Ngina kando ya bahari jioni ya Idd utaona nusu ya mji iko pale, muhogo wa kukaanga wa pilipili na ndimu, madafu, bembea za watoto, na bahari imejaa mpaka inapiga mawe ya chini. Idd-ul-Adha ni tofauti, hio ni mwezi kumi Dhul-Hijja, maji hujaa kama saa sita saba za mchana na si makubwa.

Sasa ukishajua maji yatakuwaje, unafanya nini? Kuogelea, hususan na watoto, ni kuanzia kama masaa mawili kabla ya maji kujaa mpaka saa moja hivi baada ya kujaa. Maji yakianza kutoka kwa nguvu nawe toka. Sababu ni hii: ule mwamba una milango yake, mapengo ambayo maji ya ndani hutokea kurudi bahari kuu, na siku ya bamvua maji mengi yanalazimika kupita kwenye mlango mdogo kwa muda mfupi, mkondo unakuwa mkali. Mtu akiwa karibu na mlango juu ya lile tairi la kukodi anaweza kujikuta anaelea kwenda nje bila hata kuhisi. Ukivutwa usishindane na mkondo uso kwa uso, utachoka, kata upande ukifuata ufuo mpaka utoke kwenye ule mkondo halafu ndio urudi. Na usiku usiogelee, hata kama mwezi ni mweupe na umekunywa au hujanywa, hakuna atakayekuona.

Maji yakiwa nje hio sio siku iliyopotea, na hili nalisisitiza kwa sababu watu wanakaa hotelini wamenuna. Kupwa ndio wakati wa kuona matumbawe. Boti za kioo zinazokwenda kwenye hifadhi ya bahari ya Mombasa, ile iliyotangazwa 1986 na iko mbele ya Nyali na Bamburi, zinapendelea maji madogo kwa sababu ukiangalia chini unaona samaki karibu, maji yakijaa unaona kijani tu. Kabla ya kupanda boti uliza mambo matatu, bei ni ya mtu mmoja au ya boti nzima, kiingilio cha hifadhi kimo ndani au mbali, na laifu jaketi ziko ngapi. Ukiambiwa laifu jaketi si lazima, tafuta boti nyingine.

Ukitembea kwa miguu kwenda mwambani vaa raba au viatu vya mpira vinavyoshika mguu, ndara zinachomoka na kuachwa kwenye tope. Kwenye mashimo ya mwamba kuna wale wadudu weusi wa miiba mirefu, ukikanyaga miiba inakatikia ndani ya ngozi, na kuna samaki anayefanana na jiwe kabisa ambaye ana miiba ya sumu mgongoni, maumivu yake si ya kuelezeka. Akikudunga, tia mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kustahimili bila kujiunguza, na huku mnatafuta gari la kwenda hospitali. Usiokote kombe wala nyota wa bahari kupeleka nyumbani, na usisimame juu ya matumbawe, yako hai.

Na kuna hatari moja ambayo watu wa bara hawaitegemei. Umetembea mpaka kwenye fungu la mchanga huko katikati, unapiga picha, chini kukavu kabisa, unasema maji yakianza kuja nitayaona. Hutayaona. Maji hayaji mbele yako kwa wimbi, yanaanza kujaa kwenye bonde lililo nyuma yako, baina yako na ufuo, wewe unaangalia bahari na nyuma kunageuka maji ya kifuani. Kwa hivyo ukienda, enda maji yakiwa bado yanatoka, na yakifika mwisho wa kupwa anza kurudi hapo hapo.

Kwa majira nitasema haraka tu. Kaskazi, kuanzia Desemba mpaka Machi, bahari ni safi na joto ni kali. Kusi, kuanzia kama Aprili mpaka Septemba, upepo unatoka kusini, bahari inachafuka na mwani unaletwa ufuoni kwa wingi, ukiuona usidhani hoteli ni chafu. Mvua za masika ni Aprili mpaka Juni, Mei ndio kubwa.

Tuje upande wa dini, manake mwezi ni ule ule. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa kawaida kwa siku kama 11, kwa hivyo Ramadhani inarudi nyuma kila mwaka. Mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, 2026 katikati ya Februari, 2027 ni mapema Februari, na inaendelea hivyo hivyo mpaka 2030 ambapo kutakuwa na Ramadhani mbili ndani ya mwaka mmoja, moja Januari na nyingine inaanza mwisho wa Desemba. Kwa hivyo ukisikia mtu anakwambia "Ramadhani ni wakati fulani wa mwaka" mwambie hapana, na ukiwa unapanga likizo ya Januari au Desemba kwa miaka inayokuja hili linakuhusu moja kwa moja.

Je, uje Ramadhani au usije? Mimi nasema njoo, lakini ujue unakuja kwenye mji uliogeuza mchana kuwa usiku. Hakuna sheria inayokataza mtu kula mchana Kenya, hoteli za ufuoni zinapika kama kawaida, Nyali na Bamburi utapata chakula. Ila Mji wa Kale, Majengo, Kibokoni, mikahawa mingi ya Waislamu hufungwa mchana, na sio vizuri kutembea pale na chupa ya soda mdomoni au sigara, watu hawatakupiga ila umewakosea heshima, mtu amefunga tangu alfajiri na jua la Mombasa unalijua. Na kwa vile tuko karibu na ikweta, saumu yetu haibadiliki sana kwa majira, ni kama masaa 13 na nusu mwaka wowote, kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa kumi na mbili u nusu jioni hivi.

Halafu subiri alasiri. Kuanzia saa tisa u nusu mameza yanatoka barabarani, sambusa, katlesi, viazi karai, bajia, kaimati zinachovywa shira mbele yako, mkate wa mayai, mkate wa sinia, maji ya ukwaju, tende. Unanunua, unabeba, hauli pale pale, unangoja adhana ya magharibi pamoja na watu. Ikilia adhana mji unanyamaza kwa muda, barabara tupu, hata tuktuk hupati, kwa hivyo usipange kusafiri saa hio, nusu saa kabla ya magharibi kila mtu anakimbilia nyumbani na foleni ni za hatari. Baada ya swala ya tarawehe, kama saa tatu usiku, watu wanatoka tena na mji unakesha, familia na watoto wadogo wako nje saa tano saa sita za usiku. Ukialikwa futari usikatae, vua viatu mlangoni, kula kwa mkono wa kulia, na ukifika na tende au matunda umefanya jambo la maana.

Jambo la mwezi kuandama linachanganya wageni wengi. Idd haijulikani kwa hakika mpaka usiku wake, kwa sababu inategemea mwezi umeonekana au la, na wako wanaofuata mwandamo wa hapa na wako wanaofuata wa Saudia, kwa hivyo si ajabu mtaa mmoja kusherehekea leo na mwingine kesho. Kadhi Mkuu hutangaza. Ukiwa unapanga kusafiri siku zile, ongeza siku moja huku na moja kule, usikate tiketi ya kurudi siku unayodhani ni Idd, mabasi yanajaa na maduka utakayotaka kununua zawadi yatakuwa yamefungwa.

Ijumaa nayo, hata kama si Ramadhani. Kuanzia kama saa sita mpaka saa nane mchana maduka mengi ya katikati ya mji yanafungwa kwa swala, barabara za karibu na misikiti zinajaa watu mpaka nje. Usiingize gari pale saa hizo. Mtu mwenye duka akikwambia "nafunga, naenda kuswali" hakufukuzi, rudi saa nane utamkuta.

Kuhusu mavazi watu wananiuliza sana, na wengi wanataka jibu moja la ndio au hapana, lakini jibu linategemea umesimama wapi. Kwenye mchanga wa hoteli na kwenye maji, vaa nguo yako ya kuogelea, hakuna atakayekushangaa. Kwenye ufuo wa umma utaona mchanganyiko, huyu na bikini, yule wa kwetu ameingia baharini na dira lake na mtandio, na wote wanaogelea pamoja. Mpaka uko kwenye barabara. Ukishavuka kutoka bichi kuingia dukani, kwenye matatu au mtaani, jifunike, mwanamke funga leso au vaa gauni, na mwanamume naye vaa shati, hili halisemwi vya kutosha, kifua wazi dukani ni utovu wa adabu kwa mwanamume vile vile. Ukienda Mji wa Kale mabega na magoti yafunikwe. Nunua leso mbili siku ya kwanza, zitakufaa kuketi mchangani, kujifunga kiunoni, kujikinga jua na kufunika kichwa ukiruhusiwa msikitini.

Msikitini huingii tu kwa sababu mlango uko wazi. Msikiti wa Mandhry, ambao unahesabiwa kuwa ni wa 1570, unaweza kuutazama na kuupiga picha kwa nje, ukitaka kuingia popote muulize mtu wa pale, na usiwe wakati wa swala. Picha za watu omba kwanza, na wanawake waliovaa buibui usiwapige kabisa bila ruhusa, hata kama umesimama mbali. Kwenye feri ya Likoni pia usitoe simu kupiga picha, hawaruhusu. Mwanamke akikusalimu kwa kuweka mkono kifuani badala ya kukupa mkono, nawe fanya vivyo hivyo, hio ni salamu kamili. Wapenzi wanaotembea pamoja hakuna neno, kubusiana barabarani ndiko kunakochukiza. Na pombe ipo, hotelini, kwenye mabaa ya Bamburi na Mtwapa, ila mikahawa ya Mji wa Kale haiuzi na usiingie nayo.

Wale vijana wa ufuoni wanaouza safari, shanga na kupandisha watu ngamia, wengi ni watu wa kazi na wanaijua bahari kuliko mpokezi wa hotelini. Wasalimie, ukikataa kataa kwa upole na kwa neno moja, "ahsante kaka, leo sitaki," usianze mazungumzo ya bei kama hununui. Ukitaka kitu patana kabla, na lipa baada ya huduma.

Usafiri sasa. Treni ya SGR inashukia Miritini, sio mjini, na ile ya saa tisa mchana kutoka Nairobi inafika usiku, ya saa nne usiku inafika alfajiri mbichi, kwa hivyo panga gari la kukutoa stesheni mapema. Nauli Januari 2024 ilipandishwa kuwa shilingi 1,500 daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza. Ukiwa unakwenda Diani una njia mbili, feri ya Likoni ambayo kwa miguu ni bure na magari hulipa, au barabara ya Dongo Kundu inayokuepusha na feri kabisa na kutoka Miritini ndio fupi. Feri asubuhi na jioni watu wa kazi wanavuka kwa maelfu, kama huna haraka pita mchana. Wanaotoka Tanzania kwa mpaka wa Horohoro na Lungalunga, raia wa Afrika Mashariki hawahitaji kile kibali cha kusafiria cha mtandaoni kilichoanza 2024, wageni wengi wa kutoka nje ya Afrika wanahitaji. Na mifuko ya plastiki iache kwenu, hapa Kenya imepigwa marufuku tangu Agosti 2017 na faini yake ni kubwa.

Kwa hivyo ukipiga simu hotelini usiishie kuuliza bei na kama kuna wifi. Uliza: siku nitakazokuwepo ni mwezi ngapi, maji yanajaa saa ngapi? Mbele yenu ni mchanga au ni mawe, na maji yakipwa watoto wanaweza kuogelea wapi? Mlango wa mwamba uko upande gani? Kama ni Ramadhani, jiko linafunguliwa saa ngapi kwa daku, na mchana mnahudumia wapi? Anayepokea simu akiwa hajui hayo, mwambie akupe mtu wa boti au mlinzi wa ufuo uongee naye, huyo atakujibu papo hapo.